Moto wa Nyumba ya Burito

Butiama,
10 Machi 2025

Wewe Daktari Evance,

Mimi naitwa Nyangi, mama yake Magesa, yule mvuvi wa Murangi uliyemlaza hapo Musoma wiki iliyopita. Shule sikuiona hata mlango wake. Anayeandika ni Dorotea, jirani yangu, alisoma kwa masista wa Nyegina, na nimemwapisha aandike kila neno kama linavyotoka mdomoni. Akilainisha nitajua, maana ananisomea mwishoni na mimi sisahau nilichosema.

Simu ninayo. Siitaki. Maneno ya simu mtu anayakana kesho yake. Nataka karatasi, na dole gumba langu liwe chini yake.

Mwanangu alikuja kwenu kwa miguu yake. Ubavu wa kulia unamuuma, mkasema ini lina uvimbe, mnataka kumtoboa kwa sindano mtoe kipande kidogo mkapime. Sawa, wanatobolewa wengi. Baadaye naambiwa damu ilikataa kusimama, na wewe ukachukua chuma cha moto ukamchoma ini. Ini, akiwa hai! Hata mbuzi, ini lake tunalichomaga akiwa ameshakufa.

Leo siku ya tano mwili wake unawaka. Nimemleta kwangu, namwagia maji ya mtungi asubuhi na mchana, namlaza kwenye udongo wa baridi. Moto hautoki. Ni kama amemeza jiko.

Hayo ningeyavumilia. Lakini juzi Jumamosi, Sabina mke wake alikuwa anakunja nguo, ikaanguka karatasi ya hospitali. Dorotea akaisoma. Chini kuna jina la daktari, lote: Evance Ryoba Burito. Nikakaa chini hapo hapo kwenye mahindi. Namuuliza Sabina, anasema kwenye koti pameandikwa Dk. Evance, basi.

Kumbe la babu yako ulilificha.

Burito ndiye aliyemchoma mume wangu mkuki. Nyumba yenu ndiyo iliyoninyima moto mume wangu akivuja damu. Sasa miaka arobaini na minne imepita, moto ule ule mmekuja kuuweka ndani ya mtoto wake. Nimemfukuza Sabina arudi Murangi na dagaa zake, maana ndiye aliyesaini.

Njoo uutoe moto wako. Magesa akifa sitaenda polisi, polisi walishanichosha mwaka themanini na moja. Nitakuja na kigoda changu nikae mlangoni kwa wodi yako, na kila mgonjwa anayeingia nitamwambia wewe ni wa nyumba gani.

Nyangi, mjane wa Apolinary
(dole gumba)

*

Musoma,
13 Machi 2025

Bibi Nyangi,

Shikamoo.

Nakujibu kwa karatasi kama ulivyotaka, na chini nimeandika jina lote.

Kwanza Magesa. Tulipotoa kile kipande, damu ilifuata njia ya sindano na kuanza kujaa tumboni. Ini lake limekakamaa kwa kichocho cha miaka mingi ya ziwani, kwa hiyo halikuweza kuziba lenyewe. Damu ya kundi lake tulikuwa na chupa moja. Kumpasua tumbo kungemmaliza.

Tuna mashine iliyoletwa kwa ajili ya kuchoma uvimbe kwa joto. Nikaingiza sindano yake kwenye njia ile ile ya kwanza, huku naitazama kwenye kioo cha ultrasaundi. Pale panapovuja palionekana kama uzi mwekundu unaotetemeka. Ncha ilipofika hapo nikaipasha. Tulichochoma ni sehemu ndogo kama karanga. Dakika nne, uzi ukafifia, kisha ukakatika. Hiyo ndiyo sababu mwanao alirudi nyumbani.

Homa unayoiona si moto uliobaki. Mwili unasafisha pale palipochomwa. Inachukua siku tano, hata wiki. Mpe panado, anywe maji mengi, na tafadhali Bibi, mtoe kwenye udongo. Lakini homa ikiisha halafu ikarudi, au akitetemeka, mlete siku hiyo hiyo. Hapo itakuwa usaha, na usaha hausubiri.

Habari njema ni hii: majibu ya kipande yamerudi. Si saratani.

Kuhusu jina. Niliona kwenye faili, Magesa Apolinary, mzaliwa wa Butiama, nikamjua. Sisi tulilelewa tukijua kwamba na nyumba yenu hatuli pamoja, hatuoti moto mmoja, hatuzikani. Mashine ile tunaijua wawili tu, na mwenzangu siku hiyo alikuwa Mwanza. Nikabandika plasta juu ya jina la mwisho kwenye kitambulisho nikaingia kazini. Niliogopa kwamba mkilisoma mtaondoka naye.

Mimi mjukuu wako,
Dk. Evance Ryoba Burito

*

Butiama,
17 Machi 2025

Daktari,

Shikamoo yako nimeikuta kwenye karatasi, nimeiacha hapo hapo kwenye karatasi. Na mjukuu wangu si wewe. Wajukuu wangu nawajua kwa idadi ya meno.

Homa imekatika tangu Jumatano. Usijisifu. Maji yangu ya mtungi yamefanya kazi. Jana Magesa amekula ugali na samaki wanne wa furu, akaniomba wa tano. Si saratani, nimesikia. Dorotea alilisoma hilo mara mbili, akapiga magoti. Mimi magoti yangu yana kazi nyingine.

Maana wewe umeandika mambo ya ini kama mtu anayejua, nami nitakuandikia ya moto kama ninavyojua. Nina shaka nyumbani kwenu hukuambiwa vizuri.

Ilikuwa mchana, mwezi wa nne, mvua ya siku tatu. Burito na mume wangu waligombana kwa ajili ya fahali, Burito akamchoma mkuki pajani, juu kabisa, akakimbilia porini. Mimi ndiye niliyembeba Apolinary hadi ndani. Damu inatoka, naziba na kanga, kanga inajaa. Nikajua dawa ni moja: nipashe ncha ya panga, nichome pale panapovuja. Nilimwona baba yangu akifanya hivyo kwa ng'ombe na kwa watu. Lakini paa letu lilikuwa linavuja, mafiga yamelowa, na mwaka ule kibiriti hakikuwepo. Duka la kijiji lilikuwa rafu tupu, hata sabuni tuliisahau harufu.

Jirani wa karibu alikuwa Burito. Nilienda. Mtu ambaye mumewe anakufa hachagui mlango. Magesa nilikuwa nimembeba mgongoni, hajatimiza mwaka. Nikaona moshi unatoka kwenye paa lenu. Nikapiga hodi, nikaomba moto mara tatu. Ndani nikasikia chii! ya maji kwenye makaa. Mlango ukafunguka, bibi yako Boke akaniambia, "Moto hakuna." Moshi uko nyuma ya mgongo wake, ananiambia moto hakuna.

Niliporudi, Apolinary alikuwa ameshamaliza.

Burito alifungwa, akafia huko ndani. Ya kwake serikali iliyamaliza. Boke hakufanywa kitu. Hakuna sheria ya kumfunga mwanamke aliyemwaga maji kwenye mafiga yake mwenyewe. Wazee wa nyumba zetu mbili ndio waliokaa, wakasema: hakuna kupeana moto tena, na siku Boke akifa, wanawe hawatapika matanga mpaka mimi niliyenyimwa niupeleke moto kwa mkono wangu. Boke na wanawe wakahama wakaenda Manyamanyama. Mimi niliapa mbele ya wazee hao hao: siku Boke akiniomba moto, nitauleta, na nitaumwagia maji mbele ya macho yake.

Kwa hiyo niambie jambo moja tu. Bado anapumua?

Nyangi, mjane wa Apolinary
(dole gumba)

*

Murangi,
21 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Najua hutaki kuona mwandiko wangu, mwambie Mama Dorotea asisome kwanza jina, asome maneno.

Magesa amenipigia jana. Anasema homa imerudi tangu juzi na anatetemeka mpaka meno yanagongana. Anasema wewe unasema ni baridi ya mvua. Mama, daktari aliandika. Umeweka barua yake chini ya godoro, Magesa ameiona, lakini hawezi kutoka bila neno lako. Unamjua. Mwanaume mzima ana ndevu za kijivu, bado anasemaga "mpaka Mama aseme."

Mimi nimekuficha kitu. Daktari hakunificha jina. Alitoka mle ndani na glovu zina damu ya mume wangu, nikamwona anasimama, anarudi. Akabandua plasta kwenye kitambulisho, akanionyesha. Akasema, "Dada, mimi ni wa Burito. Ukikataa sitakulaumu, lakini amua sasa, hatuna muda." Habari ya moto niliijua, uliniambia usiku wa harusi yangu kabla hata ya kunifundisha kupika.

Nilisaini. Nikamwomba akibandike tena kile kiplasta usije ukajua. Kwa hiyo ukimtukana kwa kuficha, nigawie na mimi.

Wewe ulienda kuomba moto, ukanyimwa. Mimi nililetewa hadi nilipokaa. Ulitaka niseme hapana?

Nifukuze tena ukitaka, lakini Magesa apelekwe.

Sabina wako

*

Manyamanyama, Bunda,
22 Machi 2025

Nyangi,

Ni mimi Boke. Bado napumua. Macho yamekufa nusu, miguu yote. Mjukuu amenisomea barua yako ya kwanza na ya pili. Nimemwambia aandike ninayosema na asipake asali.

Burito hakunituma. Alikuwa ameshakimbia. Nilisikia hodi yako, nikachungulia kwenye ufa, nikakuona umelowa, mtoto mgongoni, mguu wake mmoja umetoka kwenye kanga. Nilimwona huyo mtoto. Nikachukua ndoo nikamwaga hivyo hivyo.

Niliwaza hivi: Apolinary akipona, atamtaja mume wangu. Akinyamaza, huenda itasemwa ni majambazi. Nilitaka anyamaze. Ndiyo hiyo, hakuna nyingine. Na Burito walimkamata siku ya pili tu.

Sikuombi msamaha. Ningekuwa wewe nisingeutoa. Nakuomba moto. Nataka wanangu wapike siku yangu, watu wasiondoke na njaa kama kwa mbwa.

Kama una hasira, ilete kwangu, niko hapa, sikimbii. Usimlipishe yule mtoto wa mgongoni.

Boke

Bibi Nyangi, shikamoo. Hayo juu ni yake. Yangu ni neno moja: Sabina amenipigia. Mlete Magesa leo, barua hii ikifika. Akipona, rudi na chuki yako yote, nitaipokea mlangoni kwa wodi, na kigoda nitakuletea mimi. Evance.

*

Musoma, hospitalini,
28 Machi 2025

Boke,

Dorotea amekuja nami hadi huku, anaandikia kwenye paja lake. Masista wa wodi wanatuangalia kama tumekuja kuwaibia mashuka.

Barua yako ilifika Jumapili mchana. Niliposomewa pale pa ndoo, nilitoka nje nikasimama mlangoni kwangu kuvuta pumzi. Nyuma yangu ndani nikasikia meno ya Magesa yanagongana. Nikasimama hivyo kidogo. Mwanangu anakufa ndani, mwenye dawa namjua, na mimi nimeziba mlango kwa mwili wangu. Nikajiona nimeshika ndoo. Ndoo yako, Boke. Siku nne nzima nimefanana na wewe. Hilo nalo nimeliongeza kwenye yale ninayokudai.

Nikamwambia Dorotea tafuta gari.

Mjukuu wako ni mwembamba, hali vizuri. Plasta hakubandika. Nilimwambia simwachi mtoto wangu gizani na mtu wa Burito, nataka kuona anachofanya. Masista wakasema hairuhusiwi. Yeye akasema, "Mleteeni Bibi kiti." Nikaliona ini la mwanangu kwenye kioo, Boke. Ni kama ziwa asubuhi lenye ukungu. Akanionyesha pale alipopachoma siku ile ya damu, padogo, peusi, pamefunga. Pembeni yake pameota usaha. Akapenyeza sindano polepole, naiona inaingia kama mkuki mwembamba, na mimi mkuki naujua. Usaha ukatoka kikombe kizima, unanuka. Magesa akapumua. Ningemleta siku ile ya kwanza ya kutetemeka, anasema mjukuu wako, ungekuwa kijiko tu. Alisema bila kunikaripia. Angenikaripia ningejisikia vizuri zaidi.

Sabina yuko hapa. Nimempisha alale kitandani, mimi nalala kwenye mkeka. Hatujasemezana sana. Nimemsuka.

Sasa nisikilize. Umeniomba moto kwa kinywa chako na umeandikiwa. Neno langu wazee walilisikia, na wewe mjukuu wako amekusomea. Magesa akiruhusiwa tu, nakuja. Nitauleta kutoka kwenye mafiga yangu, si wa mahali pengine, na nitafanya nilichoapa.

Usije ukafa kabla sijafika. Kunywa uji.

Nyangi, mjane wa Apolinary
(dole gumba)

*

Manyamanyama, Bunda,
14 Aprili 2025

Evance,

Marahaba. Hiyo ni ya shikamoo ya kwanza. Ya pili bado naifikiria.

Leo anayeandika ni Sabina, Dorotea amebaki Butiama anawanywesha ndama wangu. Najua unataka kujua nilichomfanyia bibi yako, na mama zako wadogo wa hapa walishakupigia simu wanalia. Nakuandikia mimi, usikie kwa mwenyewe.

Makaa niliyatoa kwangu alfajiri, nikayaweka kwenye gae la chungu na majivu juu. Dereva wa Noah akasema makaa hayapandi gari. Nikamwambia makaa haya yamesubiri tangu wewe hujazaliwa, yatapanda. Nikakaa mbele, gae mapajani, madirisha wazi. Abiria wote walishuka Bunda wananuka kama nyama ya kukausha.

Boke walikuwa wamemtoa nje, wamemweka kwenye mkeka karibu na mafiga yake matatu. Amekuwa mdogo. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mwanamke mkubwa. Nikakasirika, nikasema huyu amenikimbia kwa kuzeeka.

Nikamwambia, "Boke, sema." Akasema, "Nyangi, nipe moto." Nikamwambia sema tena, siku ile nilikuambia mara tatu. Akasema mara tatu. Nikapanga kuni, nikamwaga makaa yangu, nikapuliza kwa kifua changu mwenyewe mpaka ukawaka. Wanawe wakaanza kupiga vigelegele. Wakageuka, wakaniona nimeshika ndoo.

Niliumwagia maji wote. Chii! Ile ile. Mvuke ukampiga Boke usoni, hakugeuza kichwa. Mama yako mdogo mmoja akanirukia, Boke akamwambia, "Mwache, haki yake."

Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake. Siku ile mimi nilisimama kwenye mvua nikiwa siamini, halafu nikatembea kurudi, halafu nikamshika Apolinary miguu ikiwa inapoa. Nikakaa muda huo wote. Kivuli cha nyumba kilikuwa kwenye mkeka, kikaondoka kikafika kwenye banda la kuku. Boke alikuwa anatazama majivu yaliyolowa, machozi yanashuka, na mimi namtazama yeye. Miaka arobaini na minne nililiwaza jambo hilo. Nikuambie ukweli? Lilikuwa tamu. Lilikuwa tamu mpaka kivuli kilipofika kwenye kuku, halafu likaisha, kama muwa.

Kibiriti nilikuwa nacho kifuani tangu Butiama. Sikumwambia mtu, hata Sabina, ambaye sasa anaandika na kunikodolea macho. Nikaondoa kuni zilizolowa, nikaweka kavu, nikawasha tena. Huo wa pili haukuwa wa kiapo. Huo wa pili ni kwa sababu ya ule uzi uliouona kwenye kioo, ulioukata. Ulimpa Magesa moto bila kuombwa mara tatu. Mimi sipendi kudaiwa na watu wa Burito.

Nikapika uji hapo hapo, nikamnywesha.

Magesa ameanza kushona nyavu, joto la mwili liko sawa, mbavu haziumi. Ziwani nimemwambia asiingie mpaka wewe useme. Ndiyo, nimesema wewe. Usivimbe kichwa.

Mimi nitakaa hapa mpaka Boke afe, maana wanawe hawajui kutia uji chumvi. Usifurahi sana, sijasamehe. Kila asubuhi nawasha mafiga yake, nashika kijiko, na kabla hajafungua kinywa lazima ataje jina la Apolinary. Asipotaja, uji unapoa. Siku mbili za kwanza nilimkumbusha mimi. Sasa kichwa kinamtoka. Jana aliniuliza Evance ni nani. Leo asubuhi nikamtajia Burito, akasema hamjui mtu huyo.

Nikajaza kijiko, nikasubiri.

Akasema, "Apolinary."

Nyangi, mjane wake
(dole gumba)